Kurasa Nne

Drahomíra alifika njia panda ya muziki aliokuwa akiupiga kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu akarudi mwanzoni.

Katika muziki ule kuna mahali ambapo sauti zilezile hutokea mara mbili. Mara ya kwanza hukurudisha nyuma, mara ya pili hukupeleka mwisho. Watu waliojaa kanisani mjini Olomouc hawakujua kwamba amepotea. Mimi, niliyemfunulia kurasa kwa miaka thelathini na moja, nilijua.

Kabla ya kuanza alinitania, "Leo usisinzie, babu."

"Kwa kelele zako hizi, nani atasinzia?"

Sasa hakutazama tena karatasi. Vidole vyake, vikichomoza kwenye glavu alizozikata ncha kwa sababu ya baridi, vilikwenda vyenyewe juu ya kinanda chake cha kale cha nyuzi, vyepesi, bila kosa hata moja.

Akaniinamia kidogo. "Tuko wapi?" akanong'ona.

Hakuwahi kuniuliza hivyo.

Ningemgusa kiwiko, watu wangeona. Nikashika kurasa nne kwa pamoja, nikazifunua hadi ukurasa wa mwisho, nikaweka kidole kwenye mstari. "Hapa, mama."

Akatazama. Akaupiga mstari ule mpaka ukaisha, na hakuinua vidole hadi nyuzi ziliponyamaza kabisa.

Watu walisimama wakipiga makofi. Aliwainamia huku akitabasamu.

"Umeruka," alisema bila kunigeukia.

"Kurasa nne."

Akainama tena, chini zaidi. "Kesho wapigie simu watu wa onyesho lijalo la Brno. Waambie siji."