Bhoke na Barua ya Shamba

Kwa kompyuta, Makoko nzima hakuna wa kumfikia Bhoke. Anajua vitufe vitatu, na cha tatu anakisahauga.

Macho yalishazima, ila kompyuta humsomea. Alivaa hedifoni, akapapasa kile kinundu cha kitufe cha J. Kutoka hapo vidole vinajua njia. Akabonyeza kitufe cha kutafuta, akaandika: Butiama.

"Barua moja. Shamba la Butiama. Imejibiwa jana."

Imejibiwa? Na nani?

"Baba," alimwita mwanawe kwa upole, "barua ya shamba bado tu?"

"Bado, mama. Nimeangalia sasa hivi."

Bhoke akafungua lile jibu, kisha akachomoa waya wa hedifoni. Sauti ikajaa sebuleni:

"Mimi Bhoke nimeridhia shamba langu apewe mwanangu."

"Mama, hizi kompyuta zinadanganyaga."