Chozi la Upande wa Dirisha

"Nisamehe, Ghislaine. Rudi nyumbani," mumewe alisema, na chozi likamdondoka kwenye pai ya sukari aliyomkatia.

Ghislaine alikuwa bado amevaa koti. Alikubali kuja kwa sharti moja tu: watu wa televisheni, waliowarekodi wakigombana jikoni humo wiki sita mfululizo, wawe wameshaondoka na kamera zao.

"Wameondoka wote?"

"Wote! Nimewafungia mlango mwenyewe. Ni mimi na wewe tu, mke wangu."

Moyo wake ukaanza kulegea. Akafungua kifungo cha kwanza.

"Kosa lilikuwa langu," mumewe aliendelea. "Nilipenda kutazamwa na jimbo zima la Kebeki kuliko..."

Hapo gari la kukwangua theluji likapita barabarani, likinguruma hadi vikombe vikatetemeka. Mumewe akanyamaza. Akasubiri, kidevu juu, mpaka mngurumo ukaishia kwenye kona. Kisha akapangusa uso, akavuta pumzi.

"Nisamehe, Ghislaine. Rudi nyumbani," akaanza upya, na chozi likamdondoka tena kwenye neno lilelile.

Ghislaine alilitazama. Chozi zuri kweli, halina kasoro, tena limetoka jicho la upande wa dirisha, penye mwanga.

"Mbona umerudia tangu mwanzo, bwana? Mimi nilikusikia."

Macho ya mumewe yalikimbilia juu ya friji, kwenye kopo la biskuti lililotobolewa tundu dogo ubavuni.

Ghislaine akainuka. Akatengeneza nywele kwanza, akalitabasamia kopo vizuri, kisha akalibeba kwa mikono miwili na kwenda kufungua dirisha.