Muhogo wa Saa Sita

Jasho lilipomtoka Somoe na vidole kuanza kutetemeka juu ya cherehani, alijua amebakiwa na dakika chache kabla ya kuanguka. Alfajiri alijidunga sindano yake ya kisukari, na sindano hiyo haijui Ramadhani.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza ya kazi katika karakana ile ya Temeke, wakishona kaptura za askari wa Mwingereza. Siku tatu alikuwa akila chooni, ameziba pua. Leo akafungua kitambaa chake palepale mezani, akatoa muhogo wa kuchemsha, akauma.

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Kumbe tuna kobe humu," akasema dada wa pembeni. Ndivyo wanavyoitwa wanaokula kwa siri mwezi mtukufu. Wengine wakacheka.

"Kobe hujificha, dada. Mie nala mbele yako."

Fundi mkuu, mzee asiyekosa swala, akaja kusimama mbele yake. Alishawahi kumfukuza mtu kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Fundi, mie nina kisukari. Nisipokula sasa, mtanibeba. Na kula chooni sirudii tena."

Alisema huku anatafuna. Muhogo ulikuwa mkavu, chembe zimemganda mdomoni, wala hakuzipangusa.

Mzee akautazama mkono uliotetemeka, kisha akawageukia wengine.

"Mgonjwa karuhusiwa na Mola. Nyie mnamkataza kwa cheo gani? Mleteeni maji, muhogo unamkaba."

Aliyeinuka ni yule dada wa pembeni. Somoe akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mbele yao wote, taratibu, mpaka tone la mwisho.