Taa ya Hodi

Saketi mpya iliingia kwenye bodi kutoka kwenye kompyuta kwa dakika moja tu, kama barua inayoandikwa upya. Sikukata waya wala sikuyeyusha tone la risasi ya kulehemu, na mimi nimekuwa fundi redio miaka arobaini!

Mke wangu hasikii tena mlango ukigongwa. Nilimtengenezea taa ya kumjulisha, lakini saketi ya kwanza iliiwasha hata kwa mtikisiko wa cherehani aliposhona.

“Mzee, taa yako inapiga soga na cherehani yangu,” alinitania jana. “Ing’oe!”

Niing’oe? Nilifungua daftari langu la shule ya jioni, nikachora saketi upya kwenye kompyuta: iwashe taa kwa mapigo matatu tu yenye nafasi sawa, ipuuze mengine yote.

Sasa alikuwa anashona kwa kasi, na taa haikuwaka. Nikatoka, nikafunga mlango. Nikainua kidole changu chenye kovu la pasi ya kulehemu, kama mwanafunzi siku ya mtihani.

Nikagonga. Moja. Mbili. Tatu.

Cherehani ikanyamaza.

Kiti kikaburuzwa, kandambili zikaja mbio, na sauti ambayo sijaisikia mlangoni kwangu miaka mitatu ikapaa:

“Karibu! Nani huyo?”