Dawa Isiyoua Nyuki

"Mama yako anakula?" Mzee Mboje aliuliza kwa sauti ya kuitia ng'ombe, duka zima la simu likageuka.

"Anakula, baba. Juzi tumemhamishia mahali pakubwa zaidi."

Simu iliwekwa ipaze sauti, maana masikio ya mzee yalikuwa yamechoka. Generoza, mwenye duka, alimpenda bure. Kila siku ya mnada mzee alikuja Bariadi kutoka Nkoma, akawaacha wenzake wakibishana juu ya wanunuzi wapya wa pamba, akampigia binti yake Milembe, mtafiti wa dawa huko Ulaya. Wanaume wangapi hufunga safari kuulizia hali ya mke? Wa Generoza hakuuliza hata kama amelala njaa.

Milembe alikuwa akitengeneza dawa ya saratani ya titi. Ile ya zamani, ya hospitali, ilimnyonyoa mama yake nywele na kumbabua mdomo. Mzee aliielewa upesi: kama dawa ya pamba, inaua funza, inaua na nyuki. Hii mpya ingebebwa na vifuko vya mafuta, vidogo kuliko vumbi, vyenye ndoano. Vingepita penye uzima bila kugusa, vingenasa penye ugonjwa tu, na hapo ndipo vingemwaga dawa.

"Mbona huombi uongee naye mwenyewe?" Generoza alimuuliza siku moja.

"Hawezi kusema, mayu," mzee alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Namtumia salamu tu."

Generoza akamwambia subira yavuta heri.

Mnada uliofuata Milembe alipokea simu akilia. "Imefanya kazi, baba. Imeua ugonjwa wote. Penye uzima haikugusa."

"Na mama yako?"

Kilisikika kilio tu. Mzee aliirudisha simu mahali pake, akavua kofia. Roho ilimuuma Generoza. Dawa imepatikana na mgonjwa ameondoka, dunia gani hii? Akamshika mzee mkono, akampa pole, akamuuliza mwili utaletwa lini.

"Mwili tuliuzika Nkoma mwaka ule wa mvua za Elnino, mayu," alisema. "Kule Ulaya kilikuwa kipande cha uvimbe tu, ule waliomkata hospitali. Milembe alikuwa anakifuga kwenye chupa, anakijaribia dawa. Ndicho pekee cha mke wangu kilichokuwa bado hai."