Wawili Nje ya Lango

Mwanamke mmoja mwenye haraka zake alimwekea Mzee Ayalneh kipande cha mkate mkononi, akamwombea riziki, akaingia kanisani. Mzee Ayalneh akabaki anaukodolea macho. Nyumbani kwake ghala la nafaka ya tefi limejaa hadi panya wamenenepa.

"Mzee, unatuharibia kazi," alisema Debritu, ombaomba wa langoni, jino lake moja likichungulia. "Sisi wenye njaa ya kweli tufanyeje? Uso wako una huzuni kuliko wetu."

Mzee akamnyooshea ule mkate. Debritu akageuza uso. Alipokea vya kila mtu, hata vya walevi, ila cha mkono wa Ayalneh, hapana. "Chako kina mchanga," husema.

Hivyo ndivyo walivyoishi langoni kwa Mtakatifu Gabrieli, miaka na mikaka, huyu amekaa, yule amesimama. Kwetu anayejiona mchafu haingii. Husali nje, hubusu ukuta, hurudi kwake. Wengi husimama Jumapili moja mbili, wakatubu, wakaingia. Ayalneh alitubu, hakuingia.

Dhambi yake kila mtu aliijua, maana aliiungama kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. Enzi za utawala wa wanajeshi, akiwa mlinzi wa mtaa katika mji wa mbali, aliulizwa ni nani anayeficha wapinzani. Kwa woga tu akaelekeza kidole kwenye mlango wa fundi viatu aitwaye Asnake. Asnake akachukuliwa, asirudi. Mke wa Asnake, Ayalneh hakumwona hata sura. Alisikia tu yowe lake kutoka ndani.

Asubuhi hiyo kasisi, Abba Melaku, alitoka tena hadi langoni.

"Baba, njoo leo upokee Komunyo. Hicho kikohozi chako si cha mchezo."

"Siwezi, Abba."

"Mungu amekusamehe. Nimekutamkia mwenyewe, ukaubusu na msalaba. Au damu ya Kristo imeosha dunia nzima, ilipofika kwako ikaisha?"

Waliokuwa wakipita wakacheka. Ayalneh hakucheka.

"Laiti ningeweza hata kumtaja mbele za Mungu! Kila siku nasema Asnake, Asnake. Lakini huko juu, Asnake ndiye nani?"

Kwetu marehemu huombewa kwa jina lake la ubatizo, na jina hilo hulijua watu wa nyumbani mwake na kasisi aliyemungamisha, basi. Jina la mtaani huishia mtaani.

"Mungu anajua unamsema nani."

"Yeye anajua. Mimi ndiye sijui. Nimemwondolea mtu uhai wake, hata jina la kumwombea sina. Niingie humo na mikono mitupu?"

"Na mke wa marehemu je, naye kasamehe?" akadakia Debritu. Ndiyo tabia yake. Kasisi akimvuta mzee hatua moja, yeye humrudisha mbili kwa swali hilohilo, huku anatafuna mkate wa watu na ibada inaendelea.

Abba Melaku akapandwa na hasira. "Na wewe mama! Huingii, wala humwachi mwenzio aingie. Unafuata nini hapa?"

"Nina kazi yangu hapa nje."

"Kazi gani, ya kutafuna?"

"Hiyo nayo ni kazi, Abba, kwa mwenye jino moja."

Kengele ikalia. Kasisi akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Manyunyu yakaanza. Ayalneh akapiga magoti kwenye matope, akainama hadi paji likagusa ardhi, akainuka, akainama tena. Safari hii hakuinuka. Kikohozi kilimkunja palepale, na kila kilipompa nafasi alisema, "Umrehemu Asnake, Bwana. Mimi niache. Mrehemu Asnake."

Debritu aliacha kutafuna.

"Wewe mzee. Unakaribia kukata roho na bado ni huyohuyo tu? Mkeo marehemu humtaji?"

"Mke wangu ana watoto, wanamtaja." Ayalneh akafuta mdomo kwa ncha ya shuka lake. "Asnake ana nani?"

Debritu akautazama ule mgongo uliolowa, mifupa inahesabika chini ya shuka. Humo ndani mashemasi walikuwa wameanza kupiga ngoma, na watu walikuwa wanajipanga kuijongea meza ya Bwana.

"Haya, nyanyuka," akasema.

"Niache, mama."

"Nyanyuka, watakimaliza kikombe wenyewe, unawajua."

"Nimekwambia siwezi. Sina jina lake."

"Wolde Kidan."

"Nani?"

"Asnake. Alibatizwa Wolde Kidan." Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Nimekukalia na jina hilo miaka yote hii, nikingoja nikuone unafia hapa nje."

Debritu alikuwa ameshamnyooshea mkono.

"Nishike basi, niinuke. Mume wangu humpeleki kwa Mungu peke yako."