Mwanafunzi wa Kanga

Kanga alisomea ualimu wa watu wazima, na siku ya mtihani akapewa Fisi mzee amfundishe kusoma nyayo. Kanga alijua akifeli hapati kazi, na vifaranga wake watakula nini?

Mkufunzi Korongo akamnong'oneza, "Mtu mzima muulize kwanza anataka kujua nini."

"Shikamoo, mzee. Unataka kusoma nyayo zipi?"

"Marahaba, mwanangu. Hizi ndogondogo hunisumbua."

Kanga akamfundisha, akarudia, akamsifu, hadi Fisi akainamia mchanga akasoma mwenyewe, polepole: "Mama amekuja shule. Watoto wamemsindikiza hadi hapa, kisha wamerudi peke yao, kwenye kichaka kile."

"Umefaulu, mwalimu," Korongo akasema.

Kanga hakumsikia. Alikuwa anakimbia, na Fisi alikuwa mbele yake.